Mlio Chini ya Pikapu

Mwezi wa Juni, Sumbawanga haina mchezo na mtu. Maji ya kunawa yanauma vidole, na watoto wa mtaa wa Kizwite huenda shule wamevaa sweta mbili, ya shule juu na ya nyumbani chini, wakiomba mwalimu wa zamu asiione ile ya chini. Katika baridi hiyo, sauti ya kwanza kusikika nyumbani kwa akina Marsiana kila asubuhi ilikuwa ya pikapu ya mama yake ikikataa kuwaka.

Ilikuwa pikapu kuukuu. Zamani ilikuwa nyeupe, lakini siku hizi mtu akiulizwa rangi yake alifikiri kwanza kabla ya kujibu. Nyumbani waliiita Mzee. Mama Marsiana, ambaye jina lake ni Winifrida, aliinunua ikiwa imeshachoka, naye akaendelea kuichosha kwa kuzunguka vijijini akinunua mahindi na ulezi na kuvileta sokoni mjini. Baba yao alifanya kazi bandarini Kasanga na kurudi mara moja kwa mwezi, kwa hiyo Mama ndiye aliyekuwa dereva. Yusto, mwenye miaka mitano, alijiita kondakta. Hakuwa ameanza shule, basi alikwenda na Mama kila safari, akiketi katikati ya kiti cha mbele na kutangaza vituo ambavyo havikuwepo.

Marsiana alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Kazi yake ya asubuhi ilikuwa kufuta umande kwenye kioo na kuongeza maji kwenye rejeta. Safari alikwenda Jumamosi tu, na Jumamosi hiyo hakutaka kwenda kabisa. Saa tisa alasiri shule yao ilikuwa na mechi ya mpira wa pete, naye alikuwa amechaguliwa kuwa mfungaji kwa mara ya kwanza.

"Tutawahi," Mama alimwambia. "Ni magunia kumi tu ya bibi yako. Tunapakia, tunarudi."

Bibi Rosina, mama yake Mama, aliishi kijijini kando ya barabara ya Matai. Walifika, wakaamkia, wakapewa uji wa ulezi, na uji wa Bibi haunywewi kwa haraka. Ilipofika saa sita kasoro Marsiana alikuwa ameshaangalia jua mara ishirini. Magunia yalikuwa chini kabisa mwa shamba. Mama alikwisha kuingia kwenye gari na kuliwasha, na Mzee akiwaka hakuna anayesikia kitu. Basi Bibi akamwita Marsiana pembeni.

"Mjukuu wangu, tangulia mbele umwonyeshe mama yako njia. Zungukeni kwa juu, kwenye mikaratusi. Msikatishe kwenye ntumba zangu."

"Ndiyo, Bibi."

Mtoto wa Ufipa hahitaji kuelezwa ntumba, lakini msomaji wa mbali anaweza kuuliza. Mvua zinapokaribia kuisha, wakulima hufyeka majani, huyakusanya marundo marundo, kisha hupindua udongo juu yake mpaka kila rundo liwe kama kichuguu cha mviringo. Ndani majani huoza taratibu. Msimu unaofuata ule udongo ulioshiba hutawanywa na kupandwa mbegu. Bibi Rosina alizitengeneza ntumba zake kwa jembe la mkono, na angeweza kukuambia ipi aliimaliza siku gani.

Njia ya mikaratusi ilikuwa ndefu. Ile ya kukatisha kwenye ntumba ilikuwa fupi, tena upande mmoja kulikuwa na ntumba za zamani zilizoshuka kwa mvua na kufunikwa na majani makavu. Marsiana alisimama kwenye njia panda kidogo tu. Kisha akampungia Mama mkono aelekee kwenye ntumba.

Mama alitoa kichwa dirishani. "Bibi yako amesema tupite huku?"

"Ndiyo. Amesema hizi ni za zamani."

Mama aliziangalia ntumba, akasita, kisha akakanyaga mafuta. Pikapu ikapanda ya kwanza, ikashuka, ikapanda ya pili. Kwenye ya nne kikasikika kishindo kizito kutoka chini, na Mzee akatikisika mwili mzima.

"Nimegonga nini?"

Marsiana aliinama kuchungulia. Ile ntumba ilikuwa imepasuka katikati, na ndani yake kilionekana kisiki cha mti uliokatwa zamani, kigumu, na juu yake mkwaruzo mpya. Akafikiria Mama akishuka kwenye gari, akiita watu, akilala chini kukagua. Akafikiria uwanja na wenzake wakipasha mwili bila yeye.

"Udongo tu, Mama. Twende."

Waliwahi mechi. Marsiana alifunga mabao sita, na rafiki yake Sharon akamrukia shingoni mpaka wakaanguka wote. "Leo umetisha, Marsi," Sharon alisema. Marsiana alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Walipokuwa wakienda uwanjani, baada ya kushusha magunia ya Bibi, alikuwa ameusikia mlio mpya chini ya pikapu, mlio mkavu wa chuma kikigonga chuma, kra-kra-kra, kila Mama alipopunguza mwendo.

"Mzee kapata kikohozi," Mama alisema, na Yusto akaanza kukohoa kumsaidia Mzee.

Wiki iliyofuata kikohozi kilizidi. Gari likisimama huku injini inaunguruma, usukani ulitetemeka na kioo cha pembeni kikapoteza picha. Likibeba magunia mengi, mlio ulipungua. Likiwa tupu, jirani wa tatu alijua Mama Marsiana amerudi. Kila mtu alikuwa na maoni yake. Muuza vocha alisema ni shokapu. Mzee mmoja aliyewahi kuendesha trekta alisema ni mafuta machafu. Marsiana hakusema kitu, ingawa yeye peke yake ndiye aliyekuwa na cha kusema.

Alhamisi Mama alilipeleka gari kwa fundi Fabiani, ambaye gereji yake ni banda la mabati karibu na barabara. Marsiana alipita pale akitoka shule ili amchukue Yusto. Fundi Fabiani ni mtu wa polepole. Hafungui boneti kabla ya kuuliza maswali, na anapouliza hukaa kwenye ndoo iliyogeuzwa kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi.

"Ilianza lini, Mama Marsiana?"

"Jumamosi, au Jumapili. Sikumbuki vizuri."

"Iligonga kitu?"

"Tulikanyaga tuta la udongo shambani kwa mama. Si udongo tu, Marsiana?"

Fundi akamgeukia Marsiana. Hakumkazia macho, alimngoja tu, na kungojwa huko kulimsumbua Marsiana kuliko kama angefokewa.

"Udongo tu," alisema.

"Haya. Udongo hauwezi kufanya hivi," alisema fundi, akainuka.

Pikapu ilikuwa na magunia nyuma, kwa hiyo mlio haukusikika vizuri, na chini palikuwa pameganda matope. Fundi alishika propela, ule mtaimbo mrefu unaozungusha magurudumu ya nyuma, akaitikisa, akakuta krosi yake moja, yaani kiungo chake, imelegea. Akaibadilisha. Akakaza pia mipira inayoshikilia injini. Ilikuwa kazi ya kweli, ilihitajika, na Mama alishukuru. Ijumaa magunia yaliposhushwa sokoni, kra-kra-kra ikarudi kama haijawahi kuondoka.

"Basi mlete Jumatatu," fundi alisema, akikuna kichwa. "Itabidi nishushe gia boksi. Gari litakaa hapa wiki nzima."

Mama aliegemea mlango wa gari. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani kwa nguvu, na siku hizo alikuwa hazungumzi sana. "Kichwa kinaniuma na hii baridi," alisema tu. Yusto naye alikuwa ameacha kutangaza vituo. Alikuwa anasinzia njiani, akishuka analalamika kichwa, na jioni akikaa nyumbani anapata nafuu na kucheza kama kawaida. Mama alisema ni mafua. Asubuhi inayofuata wakipanda tena, mambo yakawa yaleyale.

Jumamosi asubuhi walikwenda kijiji cha jirani kuchukua ulezi, na kwa baridi ile vioo vilifungwa mpaka juu. Marsiana alikaa nyuma kwenye bodi, amejifunika turubai, kwa sababu mbele palijaa vikapu. Waliporudi mjini Mama alisimamisha gari ghafla. Yusto alikuwa ametapika na uso umempauka. Alipoitwa alifungua macho, akayafumba tena. Mama hakwenda nyumbani, aliendesha moja kwa moja mpaka zahanati.

Nesi Bertilla alimkalisha Yusto kwenye benchi la nje, penye hewa. Akampima homa, akamtoboa kidole kwa kipimo cha malaria. Kidole kilipotobolewa Yusto alilia kwa sauti kubwa, na Marsiana hakuwahi kufurahi hivyo kusikia mdogo wake analia.

"Hana malaria," alisema nesi. "Wala homa hana. Sasa niambie, mama. Ilianza lini?"

Lilikuwa swali lile lile la fundi.

"Jumatatu," Mama alijibu. "Kila siku tukitoka safari anaumwa kichwa. Jioni anapona."

"Nyumbani mnaingiza jiko la mkaa ndani kwa ajili ya baridi?"

"Hapana, nesi. Nakatazaga kabisa."

"Na wewe mwenyewe, kichwa?"

Mama aligusa kitambaa chake. "Kinaniuma. Nilidhani ni baridi."

Nesi Bertilla akainama, akanusa sweta ya Yusto. "Sweta hii inanuka moshi wa gari," alisema. "Mkisafiri mnafunga vioo?"

"Baridi hii, nesi, tufungue?"

"Mama, kuna mahali moshi unaingia ndani ya gari lako. Moshi unaouona si tatizo kubwa. Humo ndani kuna hewa nyingine, haionekani wala hainuki, na hiyo ni sumu. Ukiivuta kidogo kichwa kinauma na usingizi unakujia. Ukiivuta nyingi, unalala usiamke. Na mtoto mdogo ndiye anayetangulia." Akamtazama Yusto. "Huyu akae hapa kwenye hewa nimwangalie mpaka mchana. Na katika gari lile asipande mtu mpaka litengenezwe."

Marsiana alisikia neno moja tu, usiamke. Alimwangalia Yusto, aliyekuwa anakisikitikia kidole chake, akayaona mambo yote ya wiki nzima yakijipanga: kishindo, mlio, moshi, usingizi. Hakuna aliyemuuliza kitu. Aliogopa, akasema hivyo hivyo akiogopa.

"Mama, haikuanza Jumatatu. Ilianza Jumamosi iliyopita saa sita mchana, kwenye ntumba za Bibi. Haikuwa udongo. Kulikuwa na kisiki, nilikiona. Na Bibi alisema tuzunguke kwenye mikaratusi. Mimi ndiye niliyesema tukatishe, nilitaka kuwahi mechi."

Marsiana alingoja kupigwa, au kufokewa mbele ya watu. Hakuna kilichotokea. Machozi ndiyo yaliyoanza kumtoka Marsiana mwenyewe.

"Nenda kwa fundi Fabiani," Mama alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Mwambie kama ulivyoniambia mimi. Mwambie aje hapa, gari silisogezi."

Marsiana alikimbia. Fundi Fabiani alikuwa amelala chini ya gari la mtu mwingine, miguu tu ikionekana, na Marsiana akaieleza ile miguu kila kitu kabla haijatoka. Fundi alipotoka alijifuta mikono na kitambaa.

"Kisiki kilikuwa upande gani?"

Marsiana alichukua kijiti akachora mavumbini: gurudumu la mbele hapa, la nyuma pale, na kisiki kati yake, upande wa kushoto.

"Chini ya kiti," alisema fundi. "Bomba la moshi linapita hapohapo." Alichukua jeki, magogo mawili na taa, wakaondoka.

Pale nje ya zahanati aliinua pikapu, akaweka magogo ili isimwangukie, akaingia chini na kukwangua matope pale palipochorwa. Haikuchukua hata dakika tano. Alimwita Marsiana achungulie kwa taa. Bomba la ekzosi lilikuwa limebonyea kama kopo lililokanyagwa. Mpira uliokuwa ukilining'iniza ulikuwa umekatika, na bomba limeegemea chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari.

"Injini ikitetemeka, bomba linagonga hapa. Ukipakia magunia gari linashuka, bomba linabanwa, linanyamaza. Ndiyo maana juzi sikulisikia." Kisha akasogeza taa. "Na hapa, ona huu weusi."

Kwenye maungio ya bomba palikuwa na masizi meusi kuzunguka ufa mwembamba. Ili kuwa na hakika, fundi alisubiri bomba lipoe, akaloanisha gunia, akamwambia Mama awashe injini huku milango na vioo vyote viko wazi. Akaliziba tundu la nyuma kwa lile gunia, kidogo tu. Pale kwenye ufa pakalia kama nyoka, na moshi ukapanda juu, moja kwa moja kwenye sakafu ya gari. Walipoinua zulia mbele ya kiti cha katikati walikuta kutu imekula bati na kuacha tundu la kupitisha ndizi. Hapo ndipo Yusto alipokuwa akiketi.

Mama aliinama akalitazama tundu hilo, akaketi kwenye ngazi ya zahanati.

Mpaka jioni fundi alikuwa amenyoosha bomba, amechomelea ufa, ameweka mpira mpya na kuziba sakafu kwa bati. Aliwasha gari likiwa tupu kabisa. Akaweka kiganja kwenye usukani, akamwambia Marsiana naye aweke. Usukani ulitulia. Mzee alinguruma kizee, lakini hakukohoa.

"Fundi, nisamehe," Marsiana alisema. "Siku ile uliniuliza."

"Nilikuuliza, ndiyo." Fundi Fabiani alikuwa anakusanya spana zake. "Sikiliza, binti. Gari kuukuu halikosi ubovu. Ukinipa jibu la uongo, nitatafuta mahali pengine, na huko nitakuta ubovu wa kweli, nitatengeneza, nitadhani nimemaliza. Krosi ilikuwa mbovu kweli. Lakini siyo iliyokuwa inamuumiza mdogo wako. Jumatatu ningeshusha gia boksi nzima, na sumu ingekuwa palepale."

Siku ya pili, baada ya misa, walikwenda kwa Bibi Rosina. Vioo vilikuwa wazi nusu ingawa baridi iliwang'ata masikio, maana Mama alikuwa amejiwekea sheria hiyo mpya. Yusto alitangaza vituo vyote. Njiani Mama alisema jambo moja tu.

"Utamwambia mwenyewe. Na mimi nitamwambia langu. Nimezaliwa kule, najua gari halipitishwi kwenye ntumba. Nilikuuliza, lakini nilipenda jibu lako kwa sababu njia ilikuwa fupi."

Bibi alisikiliza yote mawili akiwa anapepeta ulezi, ungo haukusimama. Mambo ya bomba na sakafu hayakumshughulisha sana maadamu Yusto alikuwa mzima mbele yake. Alipomaliza kupepeta alisimama, akaingia ndani, akatoka na jembe.

"Ntumba nne," alisema. "Nilijua tangu Jumapili ile. Nilikuwa nangoja kuona nani ataniambia."

Marsiana alikwenda peke yake shambani. Udongo wa Juni ni mgumu na majani yalikuwa yametawanyika. Alikusanya, akafunika, akapigapiga kingo kama alivyomwona Bibi akifanya. Ya kwanza ilitoka imepinda. Ya pili ilikuwa afadhali. Ya tatu ilimpendeza mwenyewe. Kwenye ya nne, ile ya kisiki, alinyanyua jembe kwa nguvu mno, likakita kwenye mti, na mikono ikafa ganzi. Mpini ulikuwa umepata ufa mrefu kuanzia shingoni.

Aliuangalia. Ulikuwa ufa mwembamba, na upande mmoja haukuonekana kabisa. Jembe likiegemezwa ukutani kwa upande ule, Bibi asingejua mpaka msimu wa kulima, na hapo huenda lingekuwa mikononi mwa Bibi mwenyewe likivunjika. Marsiana alilibeba akapanda nalo mpaka nyumbani, akienda haraka kuliko alivyoshuka.

"Bibi, mpini umepata ufa. Ni mimi, nimekita kwenye kisiki. Sasa hivi."

Bibi Rosina aliupokea, akapitisha kidole kwenye ufa. Kisha akachomoa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kutoka kwenye paa la jiko, akaanza kuufunga mpini, akizungusha na kuvuta, akizungusha na kuvuta, huku Mama na Yusto wakitazama.

"Unaona, Marsiana," alisema. "Kosa likisemwa siku ileile, dawa yake ni kipande cha mpira, na kazi inaendelea. Lile la Jumamosi ulilificha wiki moja tu, likaenda kumtafuta mtoto ambaye hakukosa lolote. Kukosea utakosea sana maishani, hata mimi nilijenga ntumba juu ya kisiki kwa uvivu wa kuking'oa. Lakini atakayekuuliza ilianza lini, awe fundi, awe daktari, awe bibi yako, mpe ukweli wote. Yeye hakuulizi ili akuaibishe. Anatafuta pa kuanzia."

Akakaza fundo, akamrudishia jembe.

"Bado moja," alisema. Marsiana akashuka tena shambani, akipitia njia ya mikaratusi.